Kwa nini homoni zinazoongozwa na ubongo hutoka kwa mapigo na si mfululizo?

#1 BuaLaPituitari (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Kuna jambo ambalo vitabu vingi vinalipita mbio.

Mwaka 1978 Knobil na wenzake waliwafanyia kazi kima wa rhesus ambao kiini cha akuati (kundi la niuroni) katika hipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, kilikuwa kimeharibiwa, kwa hiyo hawakuwa na GnRH ya kwao, homoni inayoiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake. LH na FSH, homoni za pituitari zinazoendesha ovari na korodani, zilikuwa zimeporomoka. Wakawapa GnRH kwa mshipa, mikrogramu 1 kwa dakika, lakini kwa dakika 6 tu katika kila saa. Homoni zote mbili zikarudi. Wakabadilisha ikawa mfululizo, zikaanguka tena ndani ya siku chache. Dawa ileile, wanyama walewale.

Hodi hubishwa, mtu akanyamaza, akabisha tena. Ukigonga bila kukoma, mwenye nyumba anaziba masikio. Madai yangu ni kwamba pigo ndilo ujumbe wenyewe, kwa sababu vipokezi huchoka. Lakini kortisoli nayo hutoka kwa mapigo, homoni ya ukuaji vivyo hivyo, TSH (inayoiamuru tezi ya thairoidi), prolaktini (ya maziwa). Je, sababu ni hiyohiyo kwa zote? Shusheni nondo.

#2 KipokeziG
Swali zuri, ila "vipokezi huchoka" ni jibu jepesi, na kwa GnRH ndipo linapokwama zaidi.

Vipokezi vingi vya ukoo wake, vile vinavyofanya kazi kupitia protini G, vina mkia unaoning'inia ndani ya seli. Homoni ikishika, mkia unabandikwa fosfati, protini iitwayo arestini inaukamata, na kipokezi kinazimwa kisha kumezwa ndani, yote kwa dakika chache. Kipokezi cha GnRH cha mamalia hakina mkia huo. Hakizimwi haraka kwa njia hiyo.

Ukimwaga GnRH bila kituo, mambo huharibika polepole. Vipokezi juu ya seli hupungua kwa saa na siku, njia ya kalsiamu ndani ya seli hudhoofika, akiba ya LH iliyofungashwa huisha, na jeni la beta ya LH (kipande kinachoitofautisha LH na ndugu zake) hupungua kunakiliwa. Mambo manne, kila moja na muda wake. Kwa hiyo mwenye nyumba wako hakuziba masikio, aling'oa mlango.

#3 SwaliFupi
😂😂 Mlango umeng'olewa. Nimekaa pale, endeleeni.

#4 DawaKwaKipimo
Alichoeleza #2 kinaonekana wazi kwenye tiba. Goserelini ya miligramu 3.6, kipandikizi cha chini ya ngozi cha kila siku 28, ni ndugu wa GnRH mwenye nguvu na anayekaa muda mrefu. Anamchokoza pituitari kwanza, ndipo anamnyamazisha. Katika saratani ya tezi dume testosteroni hupanda wiki ya kwanza na ya pili, kisha hushuka hadi kiwango cha mtu aliyeondolewa korodani, kwa kawaida kufikia wiki ya 3 au ya 4. Kama vipokezi vingekuwa vinazimwa kwa dakika, huo mpando usingedumu siku zote hizo.

Mpando huo si wa kupuuza. Mgonjwa mwenye saratani iliyoingia kwenye pingili za uti wa mgongo, au mkojo unaotoka kwa shida, anaweza kupooza au kuziba kabisa katika siku hizo. Ndiyo maana hutangulizwa dawa inayoziba kipokezi cha testosteroni, kwa mfano bikalutamidi miligramu 50 kwa siku, na huendelea wiki chache baada ya sindano ya kwanza. Mwenye hatari kubwa hupewa degareliksi, miligramu 240 mwanzoni kisha 80 kila mwezi. Hiyo inaziba kipokezi tangu dakika ya kwanza. Haina mpando, na kwa wengi testosteroni inakuwa chini ndani ya siku 3.

Upande wa pili wa shilingi: mwanamke aliyekosa hedhi kwa sababu hipothalamasi imenyamaza hufungiwa pampu ndogo inayotoa GnRH kila dakika 90. Anayeiweka pampu kwa mtiririko usiokatika atakuwa amempa mgonjwa dawa ya kuzuia yai badala ya kulitoa.

#5 Mzunguko28
Naongeza jambo ambalo wawili wa juu wameliruka: kasi ya mapigo nayo ina maana yake. Pigo moja kwa saa hivi, pituitari inaelemea upande wa LH. Pigo moja kila saa 3 au 4, inaelemea upande wa FSH. Katika mzunguko wa hedhi, kuelekea yai kupevuka mapigo ya LH huja kila dakika 60 hadi 90. Baada ya yai kutoka, projesteroni inayapunguza hadi moja kwa saa kadhaa. Kwenye ovari zenye vifuko vingi kasi hubaki juu hata pale ilipopaswa kushuka, kwa sababu hipothalamasi ya wagonjwa hao haiisikii projesteroni vizuri. LH inakuwa juu, FSH inabaki nyuma, yai halikomai.

Kwa hiyo homoni moja inatoa amri mbili, kinachotofautisha ni mwendo tu. Mfululizo usingeweza kufanya hivyo.

#6 NusuMaisha
#5 taratibu. Sehemu ya tofauti hiyo ni udanganyifu wa damu. LH huondoka haraka, FSH hukaa saa nyingi. Ukipunguza kasi ya mapigo, LH inashuka hadi chini kati ya pigo na pigo, FSH inabaki imejaa. Ukichora wastani utadhani pituitari imechagua FSH, kumbe zilizochagua ni figo na ini zinazosafisha. Ongeza inhibini kutoka ovari, inayozuia FSH peke yake, na estrojeni, utaona kasi si msemaji pekee.

#7 Mzunguko28
@NusuMaisha hoja ya kusafishwa ni kweli kwa kiwango cha damu. Lakini seli za pituitari zikiwekwa kwenye maabara, zikapitishiwa GnRH kwa mapigo ya kasi tofauti, unaloangalia ni unakili wa jeni ndani ya seli. Hakuna figo wala ini pale. Mapigo ya kasi yanainua zaidi beta ya LH, ya polepole beta ya FSH. Inhibini nakupa.

#8 MzeeWaGrafu
Vijana mnatafuta "kwa nini" mahali ambapo huenda pana "haikuepukika" tu.

Angalieni kortisoli. Hipothalamasi inatoa CRH, pituitari inatoa ACTH, adrenali (tezi iliyo juu ya figo) inatoa kortisoli, kortisoli inarudi kuzuia wawili wa juu. ACTH imefungashwa tayari kwenye vifuko, hutoka papo hapo. Kortisoli haihifadhiwi, inatengenezwa upya kutoka kwa kolesteroli kila inapohitajika, na hilo linachukua dakika kadhaa. Mfumo wowote wenye mrejesho wa kuzuia na ucheleweshaji wa namna hiyo unaweza kupanda na kushuka wenyewe bila mtu kuupigia ngoma. Wakati breki inafika, ACTH imeshazidi. Wakati breki inaachia, imeshapungua mno.

Hili halikubaki kwenye karatasi za hesabu. Mwaka 2012 kundi la Walker, Terry na Lightman liliwapa panya CRH kwa mtiririko usiobadilika. ACTH na kotikosteroni, ambayo ndiyo kortisoli ya panya, zikatoka kwa mapigo ya karibu saa moja moja. Walipoongeza CRH sana, mapigo yalipotea, homoni ikawa juu na tambarare. Ndivyo hesabu ilivyotabiri.

Kwa hiyo kwenye mhimili wa adrenali hakuna anayebisha hodi. Ni mlango wenyewe unaochezacheza.

#9 Akuati
Mzee, kwa adrenali nakuunga mkono. Kwa LH grafu yako inaanguka. Mwondolee mnyama korodani au ovari, mrejesho wote wa homoni za uzazi unakufa. Je, mapigo yanaisha? Yanakuwa makubwa na ya haraka zaidi. Wanawake waliopita ukomo wa hedhi ni hivyohivyo. Pale panahitajika kipiga ngoma.

Na kimejulikana kwa kiasi kikubwa. Ni niuroni za kiini cha akuati zenye kemikali tatu kwa pamoja. Neurokinini B inazichochea zenyewe kwa zenyewe hadi zilipuke kwa wakati mmoja, dainofini inakuja nyuma kuzizima, na kispeptini ndiyo inayopelekwa kwa niuroni za GnRH. Kwa panya, seli hizi zikiwashwa kwa mwanga kwa dakika chache, LH inatoa pigo. Zikizimwa kwa mwanga, LH inakwama.

Tiba imeshafuata njia hiyo. Bila estrojeni seli hizo huvimba na kupiga kwa nguvu, na jirani zao ni njia za kudhibiti joto la mwili. Joto la ghafla la ukomo wa hedhi huambatana na mapigo ya LH, jambo lililoonekana tangu 1979. Fezolinetanti, inayoziba kipokezi cha neurokinini B, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa joto hilo, miligramu 45 kwa siku, na haina estrojeni hata chembe. Vipimo vya ini lazima vifanywe kabla ya kuanza na kurudiwa katika miezi ya mwanzo.

#10 KipokeziG
#9 umesema "kimejulikana". Kwa kiasi. Seli za GnRH zilizokuzwa peke yake kwenye sahani, bila niuroni yoyote ya akuati, nazo hutoa GnRH kwa mapigo. Hilo limeonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Basi kipiga ngoma ni nani, akuati au GnRH yenyewe? Unaweza kusema GnRH ina mdundo wake dhaifu na akuati ndiyo inayoupanga. Unaweza pia kusema mdundo wa kwenye sahani ni tabia ya seli zilizotolewa nyumbani kwao. Mimi bado sijashawishika na upande wowote.

#11 SwaliFupi
Kwa hiyo bosi ni nani hasa? Sisi tulifundishwa pituitari ni tezi kuu, inaziamuru nyingine zote. Sasa naona pituitari yenyewe inaamriwa, na anayeiamuru naye haijulikani nani anamwamuru.

#12 MishipaYaLango
@SwaliFupi pituitari ina uzito wa nusu gramu hivi, cheo hicho ilipewa kabla hawajaangalia juu yake.

Mwaka 1930 Popa na Fielding walieleza mishipa midogo inayounganisha pituitari na hipothalamasi, ila walidhani damu inapanda kwenda ubongoni. Mwaka 1936 Wislocki na King wakaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa inashuka. Harris ndiye aliyelikamilisha. Akikata bua linaloiunganisha tezi na hipothalamasi na kuweka kizuizi mishipa isiote tena, tezi inalala. Yeye na Jacobsohn walipoipandikiza pituitari chini ya hipothalamasi, mahali mishipa ile inapoweza kuifikia, iliamka. Ikipandikizwa mahali pengine haiamki hivyo. Kemikali zenyewe zilikuja baadaye: TRH (inayoamuru TSH itoke) mwaka 1969, GnRH mwaka 1971, na Guillemin na Schally wakapata Tuzo ya Nobel ya 1977 pamoja na Yalow, aliyebuni njia ya kupima homoni zilizo kidogo mno damuni.

Hapa kuna sababu nyingine ya mapigo ambayo hamjaigusa. Nusu ya GnRH huvunjika ndani ya dakika 2 hadi 4. Kwenye mishipa ya lango, yaani hiyo midogo inayoshuka kutoka hipothalamasi, umbali wa milimita chache, pigo linafika likiwa kali na safi. Ikishaingia damu ya mwili mzima inayeyuka, haipimiki kwa maana yoyote. Kwa hiyo ubongo unapiga mapigo kwa sababu una barabara fupi ya kuyafikisha bila kuchakaa. Na ndiyo maana kwa binadamu hatuhesabu mapigo ya GnRH, tunahesabu ya LH na kuamini yanalingana.

#13 Kongosho_Tu
Msiupe ubongo sifa zote. Kongosho linatoa insulini kwa mapigo ya kila dakika 5 hivi, na visiwa vyake vikitolewa nje ya mwili vikawekwa kwenye maabara vinaendelea kupiga. Ini huliitikia pigo vizuri kuliko mtiririko wa kiasi kilekile.

Na homoni ya parathairoidi je? Ikiwa juu siku nzima, kama kwa mwenye uvimbe wa tezi hiyo, mifupa inaliwa. Sehemu yake iitwayo teriparatidi, ikichomwa mikrogramu 20 mara moja kwa siku, inajenga mfupa. Homoni ileile, mfupa uleule, tofauti ni muda. Hipothalamasi haina mkono hapo.

#14 MajiNaChumvi
Naleta upande wa nyuma ya pituitari, ambao kila mtu anausahau.

Vasopresini na oksitosini hutengenezwa na niuroni za aina moja, katika viini vilevile viwili vya hipothalamasi, na hushuka kwa mikia ya neva hadi pituitari ya nyuma. Mmoja anapiga mapigo, mwingine hapigi. Kwa nini?

Mwaka 1973 Wakerley na Lincoln walirekodi niuroni za oksitosini kwa panya anayenyonyesha. Watoto wananyonya bila kuacha, lakini niuroni zinanyamaza dakika kadhaa, kisha zinalipuka zote pamoja kwa sekunde chache. Baada ya sekunde kumi na kitu, maziwa yanasukumwa. Kisha kimya tena. Niuroni za vasopresini nazo hupiga kwa vipindi, zinawaka na kuzima, ila kila moja kwa saa yake. Ukijumlisha maelfu yanayowaka ovyo, unapata mtiririko laini. Figo inahitaji hivyo hasa. Ukolezi wa damu ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, vasopresini inaongezeka na mkojo unakolea.

Kwa hiyo swali la mleta uzi lingepaswa kuwa: niuroni gani zinapiga kwa pamoja, na kwa nini hizo? Karibu kila niuroni ina mapigo yake. Homoni ina mapigo pale zinapoungana.

#15 BuaLaPituitari (mleta uzi)
#14 hapo umenikamata. Ila oksitosini mbona wodi za uzazi huitoa kwa dripu ya mfululizo na mji wa mimba unabana?

#16 DawaKwaKipimo
@BuaLaPituitari unabana, na unalipa baadaye. Huanza kwa miliyuniti 1 au 2 kwa dakika, ikaongezwa kila nusu saa hadi mikazo ifike 3 hadi 4 katika dakika 10. Kipokezi cha oksitosini, tofauti na cha GnRH, kina mkia alioueleza #2. Dripu ikienda saa nyingi kwa kiwango kikubwa, misuli inapoteza vipokezi, na baada ya mtoto kutoka mji wa mimba unaweza kugoma kubana na damu ikamwagika, huku oksitosini ya ziada haifanyi kitu. Hapo hutafutwa dawa inayopita kipokezi kingine, kama misoprostoli au ergometrini. Ergometrini asipewe mwenye shinikizo la juu la damu.

Na oksitosini nyingi hugusa kipokezi cha vasopresini. Ukiitoa ndani ya lita nyingi za maji ya glukosi, sodiamu inaporomoka na mama anapata degedege ambalo wengine hulidhania kifafa cha mimba. Tumia chumvi ya asilimia 0.9.

#17 Maabara_Usiku
Nyie mnajadili falsafa, huku chini watu wanachota damu mara moja na kuamua maisha ya mtu. Hili ndilo linaloharibika kila siku:

Homoni ya ukuaji ya kuchota tu muda wowote haina maana. Kati ya pigo na pigo mtu mzima mwenye afya huwa karibu na sifuri, na pigo kubwa ni mwanzoni mwa usingizi mzito. Pima IGF-1, inayotoka ini kwa amri ya homoni hiyo na haibadilikibadiliki. Ukishuku imezidi, mnyweshe glukosi gramu 75 na uone kama homoni inashuka chini ya mikrogramu 1 kwa lita.

Kortisoli huchotwa saa 2 hadi saa 3 asubuhi. Chini ya mikrogramu 3 kwa desilita, adrenali zimelala. Juu ya 15, haielekei kuwa zimelala. Katikati, fanya kipimo cha kuchochea kwa ACTH ya kutengenezwa mikrogramu 250. Ukitafuta iliyozidi, geuza saa: mate ya saa 5 au saa 6 usiku, wakati inapaswa kuwa chini kabisa. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni ana protini nyingi ya kubeba kortisoli, jumla inasoma juu kwa uongo.

Testosteroni ni kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, tumbo tupu, mara mbili kwa siku tofauti kabla ya kumwandikia mtu dawa. LH ikitakiwa kwa mapigo, ni sampuli kila dakika 10 kwa saa 6 au zaidi. Hakuna njia ya mkato.

#18 NusuMaisha
#17 ongeza onyo kwenye kipimo cha ACTH ya mikrogramu 250. Aliyepoteza ACTH wiki chache tu zilizopita, mfano baada ya upasuaji wa pituitari, adrenali zake bado hazijanywea. Ukizichokoza kwa dozi kubwa hivyo zitaitika vizuri, utamwandikia "yuko sawa", kesho anaanguka.

#19 Saa_ya_Ndani
Hapo kwenye kortisoli kuna midundo miwili imepandana na watu huichanganya. Wa saa moja moja ndio aliosema MzeeWaGrafu. Wa saa 24 unatoka kiini kilicho juu ya makutano ya neva za macho, chenye niuroni 20,000 hivi, na kinarekebishwa na mwanga. Kiini hicho hakitengenezi pigo, kinabadilisha ukubwa wake: mapigo makubwa alfajiri, madogo usiku.

Tiba ya kurudishia kortisoli kwa aliyeikosa inaiga mdundo wa pili tu. Haidrokotisoni, yaani kortisoli iliyofanywa dawa, miligramu 15 hadi 25 kwa siku, imegawanywa mara 2 au 3, sehemu kubwa mara tu mtu anapoamka, ya mwisho isikaribie usingizi. Mapigo ya saa moja moja hakuna kidonge kinachoyaleta. Na wagonjwa wengi wanaotumia dozi sahihi bado wanalalamika uchovu. Huenda ni mapigo yaliyokosekana. Huenda ni homoni nyingine za adrenali. Huenda ni dozi ya asubuhi inayochelewa kufika, maana mwili huanza kupandisha kortisoli kabla ya kuamka na kidonge kinasubiri mtu aamke. Kila maelezo yana watetezi wake.

#20 DawaKwaKipimo
Na kwa kuwa tumefika kwenye steroidi, lisemwe wazi: anayemeza prednisoloni miligramu 5 au zaidi kwa zaidi ya wiki 3 au 4 asiache ghafla. Hipothalamasi na pituitari zimelala kwa sababu zinaona steroidi imejaa, adrenali zimenywea kwa kukosa ACTH. Zinaamka kwa zamu, wa juu kwanza, adrenali mwisho, na inaweza kuchukua miezi. Punguza kwa hatua, na ukikaribia miligramu 5 punguza miligramu 1 kila wiki chache.

Akipata homa kali katika kipindi hicho, dozi ya siku inaongezwa mara mbili au tatu. Akitapika hawezi kuimeza, ni sindano: haidrokotisoni miligramu 100 mara moja, kisha 200 kwa saa 24, pamoja na maji ya chumvi. Usisubiri majibu ya maabara.

Kosa jingine la hatari: pituitari imekufa, kwa mfano mama aliyetoka damu nyingi akijifungua na maziwa hayakutoka kabisa. Anakosa TSH na ACTH kwa pamoja. Ukianza na dawa ya thairoidi, unaharakisha kuvunjwa kwa kortisoli kidogo aliyobaki nayo na kumsukuma kwenye dharura. Haidrokotisoni inatangulia, ndipo levothairoksini.

#21 MishipaYaLango
Maziwa hayakutoka, sawa. Lakini bua likikatwa au likibanwa na uvimbe ulio juu, homoni nyingine za pituitari ya mbele zinashuka, prolaktini inapanda. Yeye hazuiliwi na ukosefu wa amri, anazuiliwa na dopamini inayoshuka kila wakati. Pituitari ya panya iliyopandikizwa chini ya ganda la figo inaendelea kumwaga prolaktini bila bosi. @SwaliFupi weka hiyo kwenye daftari la mabosi.

Kiutendaji: prolaktini ya kubanwa bua mara nyingi haivuki nanogramu 100 kwa mililita, ya uvimbe wenyewe wa prolaktini ikiwa mkubwa huvuka 200. Haloperidoli, risperidoni na metoklopramidi huziba dopamini na kupandisha, kwa hiyo uliza dawa kabla ya kuagiza picha ya kichwa.

#22 Maabara_Usiku
Na ukikuta uvimbe mkubwa wa sentimita 3 halafu prolaktini inasoma 60, usiamini. Ikizidi mno inalewesha kingamwili za kipimo na kusoma chini. Zimua sampuli mara 100, pima tena. Nimeona 60 ikigeuka maelfu.

#23 IniLaPanya
Nairudisha mada. Kwa homoni ya ukuaji kuna ushahidi kwamba tishu inasoma umbo la mtiririko, si jumla. Panya dume huitoa kwa mapigo makubwa kila saa 3 au 4, katikati hakuna kitu. Jike anaitoa ndogo ndogo karibu muda wote. Ini linawasha vimeng'enya tofauti vya kuvunja dawa kwa kadiri ya umbo hilo. Mpe dume homoni mfululizo, ini lake linageuka la jike. Ndani ya seli, protini STAT5b inaingia kwenye kiini cha seli kwa kila pigo na kutoka, na inahitaji kipindi cha utupu ili iweze kurudi. MzeeWaGrafu, mlango unaochezacheza haufundishi ini jinsia.

#24 MzeeWaGrafu
@IniLaPanya umetumia panya kama mimi nilivyotumia panya. Kwa binadamu tofauti hiyo ya dume na jike ni hafifu zaidi. Na jambo kuanza kama zao la ucheleweshaji hakulizuii kutumiwa baadaye na ini. Kwanza lilikuwepo, kisha likapata kazi.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu hamjaitaja: TSH. Hutoka kwa mapigo madogo na hupanda usiku, kati ya saa 5 usiku na saa 10 alfajiri. Lakini T4, homoni ya thairoidi inayoamriwa na TSH, inachukua karibu siku 7 kupungua nusu. Pigo la saa moja au mbili kwa T4 ni kama halikuwepo. Thairoidi hailisomi, mwili haulisomi. Kwa nini basi lipo? Kama ni ujumbe, haumfikii mtu. Kama ni ucheleweshaji, mrejesho wenyewe ni wa siku, usingetoa mapigo ya saa.

#25 NjaaNaHedhi
Labda la TSH ni mabaki ya hipothalamasi ambayo kila kitu chake kinadunda. Lakini kuna mahali mapigo yanasoma hali ya mwili mzima, nishati. Loucks na Thuma, 2003: wanawake wenye mizunguko ya kawaida, siku 5 tu. Nishati inayobaki baada ya mazoezi iliposhuka chini ya kilokalori 30 kwa siku kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, mapigo ya LH yalipungua idadi na kuwa makubwa zaidi. Juu ya 30 hayakutikisika. Mafuta ya mwili hayakuwa na muda wa kuyeyuka kwa siku hizo. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili, inahusika, maana mwaka 2004 wanawake wachache waliokosa hedhi kwa njia hiyo walipopewa leptini mapigo yaliongezeka. Wengine wanasema glukosi, wengine kortisoli inayopanda. Anayewaandalia wanariadha wa kike ratiba asiangalie mizani peke yake.

#26 SwaliFupi
Nashukuru wakuu. Swali langu la kawaida: mtu anakunywa vidonge vya biotini vya nywele. Vinaharibu haya mapigo?

#27 Maabara_Usiku
Mapigo hayana shida, kipimo ndicho chenye shida. Mashine nyingi hutumia biotini kushikilia kingamwili. Mtu akimeza miligramu 5 hadi 10, vipimo vya kubana homoni katikati ya kingamwili mbili, yaani TSH, LH, prolaktini na ACTH, vinaweza kusoma chini. Vile vya kushindania nafasi, yaani T4 huru, kortisoli na testosteroni, vinasoma juu. TSH chini na T4 juu, mtu anaambiwa thairoidi imezidi na hana lolote. Aache siku 2 au 3 kabla ya kuchota. Ukiwa unachota LH kila dakika 10 kwa mtu wa namna hiyo, mapigo utayaona bado, ila yote yatakuwa madogo, na hesabu ya ukubwa wake itupwe.

#28 KipokeziG
Na @MzeeWaGrafu, kuhusu TSH: seli ya thairoidi huenda hailisomi pigo, lakini molekuli za TSH za usiku hutofautiana na za mchana kwa sukari zilizobandikwa juu yake, na sukari hizo hubadilisha nguvu na muda wa kukaa damuni. Anza hapo.